Jino Nililomruhusu Aling'oe

Daktari wangu wa zamani wa meno alipostaafu, nilinuna kama mtoto. Alibandika karatasi mlangoni, akamwuzia daktari mwingine kiti na mashine zake, akaenda kuishi kwa binti yake mbali na Nyeri. Kwa miaka mitatu alikuwa akinichungulia kinywani kila baada ya miezi michache, na sikutaka mtu mwingine anichungulie. Mke wangu aliniambia hata ng'ombe hubadilishiwa mkamuaji akazoea. Nikamjibu kwamba ng'ombe akibadilishiwa mkamuaji huficha maziwa, na hilo nalijua kuliko yeye, maana watoto wetu nimewalea kwa kupandisha ng'ombe kwa mbegu za mrija, kazi ambayo wakulima wa huku kwetu Ruring'u huiita AI tu.

Mzee huyo ndiye aliyeiona saratani yangu. Wakati ule nilikuwa mzee wa kanisa, na nilikuwa naweka ugoro mdomoni. Kanisa lilikuwa mbele ya watu, ugoro ulikuwa zizini nikiwa peke yangu na ng'ombe. Nilienda kwake na gego linalouma, naye akaacha gego, akaushika ulimi wangu kwa kitambaa, akautazama ubavuni kwa muda mrefu. Kulikuwa na kidonda ambacho mimi nilikiita cha moto wa chai. Akaniandikia barua ya hospitali na kuniambia nisipoenda wiki hiyo atakuja kunichukua nyumbani.

Nilikatwa kipande cha ulimi huko Nairobi, nikapasuliwa shingo chini ya taya, na kabla ya mionzi nikang'olewa magego matatu mabovu. Kisha mionzi yenyewe, wiki baada ya wiki, hadi mate yakakauka. Nilipona. Sitaki mtu afikiri nalalamika juu ya kupona. Siku ya kutoka, madaktari waliniketisha na mke wangu, wakatupa sharti moja na kulirudia mara mbili: jino lolote la upande ule lisiguswe bila wao kujua, kwa sababu mfupa uliopigwa mionzi haufungi kidonda kama mifupa mingine.

Nyumbani watu walitaka kujua nimepatwa na nini. Nikasema nimepigwa pembe na ng'ombe.

Ulikuwa uongo mzuri, na mpaka leo naona aibu jinsi ulivyonikaa. Kovu la shingo lilikuwa pembe. Magego yaliyokosekana yalikuwa pembe. Ulimi mzito ulikuwa pembe ile ile. Ng'ombe mwenyewe nilimweka kwenye ranchi moja upande wa Laikipia, mbali kabisa, asije mtu akaenda kumwuliza. Mke wangu hakuupenda uongo huo, lakini alipoona nimeng'ang'ana akaubeba nami, na siku moja nikamsikia akiwaeleza kina mama wa kanisa kwamba ng'ombe alikuwa mwekundu.

Nilijiambia naogopa kukosa kazi, kwamba mkulima hamwiti mtu ambaye ameshaanza kumzika kichwani. Hilo lilikuwa kweli kidogo. Kweli kubwa zaidi ni kwamba nilijua wangeuliza imetoka wapi, na jibu lilikuwa ugoro. Waswahili husema mficha uchi hazai. Mimi nilikuwa na watoto tayari, nikadhani methali hiyo hainihusu.

Kwa daktari wa zamani kulikuwa na mama wa mapokezi ambaye tulisali naye kanisa moja, na kadi za wagonjwa zilikaa kwenye sanduku mbele yake. Nilimsihi daktari asiandike lile neno kwenye kadi yangu. Akakataa. Nikamwambia basi sitarudi. Akanitazama juu ya miwani yake. Kwa ajili ya kazi yangu ya ng'ombe alizoea kunitania kwa kuniita daktari mwenzake.

"Daktari mwenzangu," akasema, "kadi si ya kanisa. Ni ya mtu atakayekuja baada yangu."

"Baada yako mimi nitakuwa nimekufa."

Alipoona kweli sitarudi alikubali, akaandika kwamba niliumizwa na ng'ombe. Alipomaliza akaniambia, "Mimi nitakumbuka. Lakini mimi nitaondoka, kadi itabaki."

Basi akaondoka, kadi ikabaki, na jino moja likaanza kuniuma upande uleule.

Daktari mpya alikuwa msichana wa umri wa kitinda mimba wangu. Alikuwa amepaka kuta rangi upya na kumwacha mama wa mapokezi palepale. Nilienda nikiwa nimeshaamua kumchukia. Nilimwuliza amesomea wapi, nikamwuliza tena amewahi kung'oa mangapi, nikamwambia kiti hicho wakati wa mzee kilikuwa kimeelekea dirishani na sasa kimeelekea ukuta. Alicheka kwa sauti, kicheko cha mtu asiye na deni la woga kwa mtu yeyote. Akaniambia, "Mzee, nikimaliza na wewe nitageuza kiti uangalie barabara mpaka uchoke."

Alisoma kadi yangu. Alinitazama kinywani taratibu, akanionya kila mara kabla ya kugusa, jambo ambalo yule mzee hakuwa nalo. Mama wa mapokezi alikuwa amesimama mlangoni na trei ya vyuma.

"Pole sana, mzee. Hii yote ni ng'ombe ilifanya?"

"Ni ng'ombe."

"Na mbona mdomo imekauka hivi?"

"Ni dawa za presha."

Akapitisha kidole chake juu ya kovu. "Hujawahi kupata matibabu ingine kubwa hapa kwa shingo? Mionzi, ama kitu kama hiyo? Nauliza tu kwa sababu ya kung'oa."

Hapo ndipo maisha yangu yanaponirudisha kila ninapokosa usingizi. Aliuliza swali lenyewe, kwa jina lake, kwa upole. Sikuhitaji hata kueleza, neno moja lingetosha. Nilimtazama mama wa mapokezi, nikafikiria Jumapili, nikafikiria kwamba miaka mitatu imepita na mfupa hauwezi kukumbuka muda wote huo.

"Hapana," nikasema. "Ng'oa tu."

Alilitoa jino vizuri kuliko nilivyowahi kung'olewa. Sikusikia chochote. Nilipofika nyumbani nilimwambia mke wangu msichana ana mkono mwepesi na kwamba nimeshamzoea. Akaniuliza kama nilimwambia. Nikasema nilimwambia. Siku hiyo moja nilidanganya wanawake wawili walionitakia mema, nikalala.

Kidonda hakikufunga. Baada ya wiki kadhaa kilianza kunuka, na nikipitisha ulimi niligusa kitu kigumu, kikavu, ambacho hakikuwa jino. Nilirudi kwake. Alisafisha, akanipa dawa, akanipigia simu asubuhi na jioni kuuliza hali. Mara ya tatu alifunga mlango mama wa mapokezi akiwa nje, akavuta kiti akaketi karibu nami.

"Mzee, nisaidie nikusaidie. Kuna kitu sijui?"

Nikasema hakuna. Tayari nilikuwa nimemwacha akose, na kusema wakati ule kungekuwa kukiri kwamba nilimwona akikosa nikanyamaza. Akaniandikia barua ya kwenda hospitali kubwa, na hospitali ikawa ni ileile iliyonitibu. Mmoja wa madaktari walionipa lile sharti alinitambua kabla sijaketi. Sitaandika aliyoniambia. Walikata sehemu ya taya iliyokufa, na nikarudi Nyeri uso umebonyea upande mmoja.

Safari hii watu hawakuhitaji uongo wangu, walijitungia wenyewe. Alienda kwa yule msichana na jino, akarudi bila taya. Ndivyo walivyosema sokoni, ndivyo walivyosema kanisani. Asubuhi moja nilikuwa mahali tunapopeleka maziwa, shali imenifunika shavu, na mkulima mmoja akasema kwa sauti, "Huyo daktari ni wa kuharibu watu. Ati amesoma! Angalia vile alifanya mzee yetu."

Wote wakanigeukia. Nami niliitikia kwa kichwa.

Si kwamba nilisema neno. Lakini kwetu mtu mzima akiitikia kwa kichwa amesema. Mke wangu alipopata habari aliniambia, "Mtoto wa wenyewe anaisha, na wewe unameza uji."

Kweli aliisha. Wagonjwa walianza kuvuka barabara kwenda kwa madaktari wengine. Mama wa mapokezi aliacha kazi. Kabla mvua za mwisho wa mwaka hazijaisha, mlango ulikuwa umefungwa, na mwaka uliofuata mahali pale pakawa duka la sare za shule. Nilipita hapo nikaona sweta za watoto zimening'inizwa kwenye dirisha, nikageuza uso. Njia ya mwongo ni fupi, tulifundishwa hivyo. Yangu ilinifikisha mbali na kunipitisha juu ya mtu.

Ilinichukua miezi mingi kumtafuta. Nilimpata Kenol, mji ulio kwenye barabara ya kwenda Nairobi, ameajiriwa katika kliniki ya mtu mwingine, ghorofani juu ya duka la mabati. Niliketi kwenye benchi na wagonjwa wengine mpaka nikaitwa. Aliponiona hakushtuka. Alinisalimu, akaniuliza nimeshuka lini na mama yuko aje.

Nikamwambia yote. Nilianza na ugoro nikamalizia na jinsi nilivyoitikia kwa kichwa mahali pa maziwa. Ulimi wangu ukichoka maneno huvurugika, nikalazimika kurudia mengine, na kurudia maovu yako mara mbili kwa sababu hayakusikika vizuri ni adhabu ambayo simtakii adui. Alisikiliza amekunja mikono.

"Nilijua, mzee," akasema.

"Ulijua nini?"

"Kansa. Mionzi. Hospitali iliniandikia, si ni mimi nilikutuma? Barua ilifika hata kabla wewe utoke wodi."

Nilihesabu kichwani. Alikuwa na barua hiyo kabla mgonjwa wake wa kwanza hajavuka barabara. Alikuwa nayo siku ile ya maziwa. Angeweza kumwambia mama wa mapokezi tu, na kufikia Jumapili mji mzima ungejua kosa ni la nani.

"Mbona hukuwaambia?"

"Niambie watu nini? Hiyo ni ugonjwa yako. Si yangu ya kutangaza." Akatazama chini kidogo, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikapungua. "Nilikuwa nangoja wewe useme. Nilingoja mpaka nikachoka."

Nililia pale, mtu mzima, na kwa kuwa shavu langu la upande mmoja halisikii kitu, sikujua machozi yameteremka wapi mpaka akanipa karatasi. Nilimwuliza nifanye nini. Akasema nifanye nitakalo, yeye kliniki yake ameshaifunga.

Jumapili iliyofuata nilisimama kanisani nikasema. Nilitaja saratani, nilitaja ugoro, nilisema daktari aliniuliza nikamdanganya. Niliposhuka, wazee wenzangu walinishika mkono kwa huruma. Nje, mama mmoja akamwambia mke wangu kwamba nina moyo wa ajabu, kujibebesha lawama ili kumsitiri msichana aliyeniharibu. Wengine wakakubaliana naye. Wakaniita mtu wa kusamehe. Nilikasirika nikapaza sauti kwamba mimi ndiye wa kusamehewa, na hilo nalo wakaliona ni unyenyekevu. Mpaka leo wako watu Nyeri ambao hawatampeleka mtoto kwa daktari huyo hata akirudi, na hakuna ninaloweza kuwaambia.

Madaktari wa meno wapo tele mjini, lakini mimi huenda Kenol. Alikubali kunipokea, na sijawahi kukosa siku aliyonipangia. Kazi yake ni safi kama siku ile ya kwanza. Bado hunionya kabla ya kugusa, bado huutazama ulimi wangu pande zote na kunipapasa shingo kwa vidole viwili. Ila hacheki tena nami. Na huniuliza kama kuna mahali panauma. Nikisema hapaumi, hupabonyeza mwenyewe, polepole, huku akinitazama machoni.