Kijani cha Ng'ambo ya Mto

Mfagiaji alimjua binti yule kwa mikono yake. Miaka minne alimkuta chumba kile kile cha chuo, akitafuna kifuniko cha kalamu, na kila mara akifuta kioo cha kompyuta kwa mkono wa sweta. "Niachie, mwanangu, usininyang'anye kibarua," mfagiaji humtania, naye hucheka bila sauti. Utafiti wake wa shahada ya udaktari ulikuwa ramani: penye watoto wengi wanaokufa kwa kuhara palikuwa pekundu, penye usalama kijani. Serikali ingechimba visima penye wekundu.

Siku ramani ilipokwisha kupelekwa wizarani, mfagiaji aliinama kwenye kompyuta akatafuta kwao, ng'ambo ya mto. Kijani kitupu.

"Huko hatukufika, mama," binti alisema. " Daraja lilikuwa limekatika. Tulikadiria kwa hali ya majirani zenu."

"Majirani wana bomba, mwanangu. Sisi tunakunywa ya mtoni. Nimezika wajukuu wawili, Mola awarehemu."

Binti alivuta mkono wa sweta akaanza kukifuta kile kijani, taratibu, halafu kwa nguvu. Safari hii mfagiaji hakumwambia amwachie.