Redio ya Kuanulia Dagaa

Miaka ile wimbo ulikuwa soko huria. Mitumba ilimwagwa barabarani, maduka yakajaa sabuni za kila rangi, na sisi wa mwaloni, ufukweni kwa wavuvi upande wa Butimba, tukaamini kwamba siku za kuomba ruhusa kwa kila kitu zimekwisha. Mtu akifurahi huamini hata upuuzi.

Kaka yangu alikuwa mwalimu wa sayansi shule ya msingi. Mshahara wake ulichelewa, akili yake haikuchelewa. Alivika chupa pana mpira wa puto mdomoni, akagandisha juu yake njiti ya ufagio. Hewa ikiwa nzito njiti hupanda. Ikipungua uzito, njiti hushuka, na mvua iko njiani. Aliitazama kila siku, kisha akatazama mawingu upande wa Ukerewe, na ni mara chache alikosea.

Mvua ilikuwa adui wa mama. Alianika dagaa mchangani, na ada zetu zilitoka humo. Dagaa wakishaloa hawaendi tena kwa walaji. Wanakuwa chakula cha kuku, na bei yake ni ya kuku.

Ndipo kaka akaunda mtambo wa kurushia matangazo kwa vipuri vya redio mbovu, waya wa antena akaufunga kwenye mwanzi mrefu. Sauti yake iliishia mwisho wa mwalo, hata kilima haikuvuka. Kina mama walikuja mchangani na redio zao za betri, na mchana utamsikia: "Shikamooni kina mama. Anueni, inakuja." Wakaanua huku wakimtania kwamba huyu mvua kaiposa. Vuli nzima mama hakupoteza dagaa, nami nilitembea kifua mbele kama vile mtambo ni wangu.

Sijui nani alitusema mjini. Alikuja kijana nadhifu, viatu vinang'aa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Karibu, kaa."

Kwetu mgeni haulizwi shida kabla hajala. Mama akampikia sato na ugali wa muhogo. Alikula akashiba, akasifu mchuzi. Kaka, akidhani amepata mpenda sayansi mwenzake, akamwonyesha mtambo waya kwa waya, akamwachia hata awasalimie kina mama hewani. Akawasalimia vizuri sana. Kisha akarudi ndani, akanawa mikono, akasema kazi iliyomleta.

"Mwalimu, huu mtambo nauchukua. Kutangaza bila leseni ni kosa."

"Si wanasema siku hizi ni ruksa, hata watu binafsi?"

"Ruksa kwa kampuni. Una kampuni?"

"Nina mama anayeanika dagaa," kaka akasema.

Kijana akacheka kwa adabu. "Shukuru nimekula kwenu. Ningekupeleka polisi."

Hapo ndipo nilipoijua sheria. Haikuuliza mtambo umemdhuru nani. Iliuliza mtaji, na aliyekuwa nao ndiye aliyefunguliwa soko. Mpaka leo nina hasira na kijana yule, na zaidi na ule mchuzi.

Haukupita muda njiti ikashuka. Kaka alitoka darasani mbio akapita mchangani akipiga kelele, lakini mwalo ni mrefu na upepo ulimrudishia sauti yake mwenyewe. Mama alikuwa mwisho kabisa, redio kaiwasha kwa mazoea, inakoroma tu. Mvua ilimkuta akikusanya fungu la kwanza. Dagaa wote wakaenda kwa kuku, na mdogo wetu wa kike akakaa nyumbani muhula mzima.

Baadaye tajiri mmoja alifungua redio mjini, na leseni yake. Ilipiga muziki na matangazo ya sabuni, ikatusomea hali ya hewa ya Dar es Salaam. Tukaambiwa kuna jua huku tunalowana. Kaka hakuunda kitu tena. Ile chupa mama aliitilia chumvi.

Mwaka mwingine akatokea mtu mlangoni, viatu safi, mchana wa jua kali. Sufuria ilikuwa inachemka jikoni na harufu ya samaki imejaa uani.

"Shikamoo mama."

Mama hakusogea kumpisha.

"Marahaba. Una shida gani?"

Alikuwa amepotea njia, anaomba maji ya kunywa. Mama alimpa, akayanywa akiwa amesimama nje.