Kijiti Nyuma ya Pazia la Fundi Cherehani

Fundi cherehani wa mtaa wetu amepima viuno vya watu miaka ishirini na sita. Ukinenepa, yeye anajua kabla yako. Ila kitanda cha kliniki, kile cha kutanua miguu mbele ya daktari aliyesoma na mwanao, alikikataa katakata. Dada yake naye alikikataa. Saratani ya shingo ya kizazi ikamzika na heshima zake zote.

Kwa hiyo mhudumu wa afya alipopita na vijiti vya pamba, akaeleza kuwa mwanamke anaweza kujichukulia mwenyewe sampuli ya kupima virusi vinavyoleta saratani hiyo, fundi aliweka mkasi chini.

"Nipe."

Wifi yake, aliyekuja kupunguziwa gauni, alishika kichwa. "We! Kaka yangu anajua?"

"Kaka yako anajua kula. Kizazi ni changu."

"Utakosea. Kitapotelea humo ndani!"

"Wifi, nimekutia zipu huku unapumua na kubishana. Nishindwe na kijiti?"

Akaingia nyuma ya pazia la kujaribia nguo, akatoka na kichupa kimefungwa. Kosa lilikuwa kwenye lebo. Nguo za wateja huziandika "Mnene wa kona, Ijumaa", zake huandika "Mwenyewe, usiguse." Mazoea yana tabu: na kichupa akakiandika "Mwenyewe, usiguse." Maabara wakakirudisha: mwenyewe ndiye nani?

Wifi alicheka mpaka akakaa chini.

Fundi akarudi nyuma ya pazia na kijiti kipya. Safari hii aliandika majina yote matatu, la babu likiwemo, akakipitisha kichupa mkononi waziwazi mbele ya wacheza drafti.

"Umebeba nini?" mumewe akauliza.

"Uhai wangu. Angalia kete zako, unaliwa."

Majibu yakaja: virusi vipo. Bado si saratani, mhudumu alisema, lakini lazima aangaliwe. Kitandani.

Fundi akakata kitambaa cha maua makubwa, akajishonea vazi pana lenye mpasuo mbele na mfuko wa kutia miwani. Kama ni kupanda, atapanda kwa vazi lake, si kwa shuka lao lililotoboka.

"Shikamoo, mama," daktari alisema, macho dirishani kwa haya.

"Marahaba. Sasa geuka huku, mwanangu. Mimi nimeshamaliza aibu yangu, usiniletee yako."

Akaangaliwa, sehemu iliyoanza kuharibika ikatibiwa siku hiyo hiyo. Aliporudi dukani, pazia lilikuwa limefungwa, na mhudumu wa afya amekaa nje akisubiri kichupa.

"Usiingie!" wifi akafoka kutoka ndani. "Mwenyewe nipo!"