Fisi Maji Aliyekuja Alipoitwa

Fisi maji si fisi. Naanza na hilo kwa sababu wageni hushtuka wakisikia jina. Ni jamaa wa nyegere, mrefu na laini, ana madoa meupe shingoni, na chakula chake ni samaki. Wavuvi wa huku Busisi hawampendi kwa sababu hutoboa nyavu.

Wangu nilimwokota mafunjoni akiwa mchanga, sikio limechanika, mama yake amefia wavuni. Nilimlea kwa maziwa, baadaye kwa furu, visamaki vya ziwani. Watu wengi hudhani mnyama huyu huzaliwa anajua kuogelea. Hapana, hufundishwa. Kila asubuhi nilimshikilia tumboni ndani ya maji, mpaka siku moja akauacha mkono wangu.

Kosa langu lilianzia hapo. Ili arudi kula, nilipiga maji kwa kasia. Wavuvi nao hupiga maji hivyohivyo ili samaki wakimbilie wavuni, na fisi maji wa ziwani akisikia kishindo hicho hutoweka. Wangu alikuja mbio.

Alipokua akajiunga na wenzake wawili mafunjoni. Nikaacha kumwita, nikitumaini atasahau. Aliyeujua wito ule, mbali na mimi, ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, naye ni mvuvi.

"Shemeji, niahidi hutapiga maji pale."

"Makubwa! Mimi nikiugua malaria hunililii, unamlilia fisi?" Akacheka, kisha akanishika mkono. "Haya, naahidi."

Miezi ikapita. Nilizoea kuwaona watatu wakiota jua juu ya mwamba. Wiki moja wakawa wawili, wangu hayumo. Shemeji akaniambia labda ni mamba. Nililia, naye akakaa nami jioni nzima, akanichemshia chai, hata akaniombea.

Kisha jirani yangu akarudi kutoka harusini, kwenye hoteli moja mjini. "Mwalimu, fisi maji wako si yuko hotelini? Watoto wanamrushia mikate!"

Nilikwenda kesho yake. Alikuwa ndani ya tangi la saruji, maji ya kijani, anazunguka kando ya ukuta bila kupumzika. Nilimtambua kwa sikio lake lililochanika. Mhudumu hakuficha kitu: aliletwa kwenye tenga na mvuvi wa Busisi, naye mvuvi akalipwa injini ya boti.

Injini ile nilikuwa nimeiona. Nilikuwa nimempongeza shemeji kwa kuipata.

"Sikumkamata, shemeji," aliniambia bila hata kuinamisha uso. "Nilipiga maji tu. Akapanda mtumbwini mwenyewe."

Nilimpelekea habari bwana nyama, yaani afisa wa wanyamapori. Alimtoa hotelini, lakini hakumrudisha ziwani. Alinieleza kwa upole, kama nilivyokuwa nikiwaeleza wanafunzi wangu: mnyama anayemfuata kila mtu apigaye maji hatamaliza wiki. Ataishi kwenye uzio wa serikali mpaka afe. Shemeji alimwita, lakini aliyemfundisha kuitika ni mimi.

Shemeji bado huja Jumapili baada ya ibada. Ni ndugu, siwezi kumfungia mlango. Mwezi uliopita, akila ugali wangu, aliuliza, "Wale wengine bado wako mafunjoni?"

Asubuhi ile nilikuwa nimewaona, wakiwa na mtoto.

"Walihama," nikamwambia, nikamwongezea mboga.