Mkono wa Kushoto

Miaka ya hamsini, katika shule yetu ya Bariadi, mwalimu alitufundisha kuwa neno hand la Kiingereza ni mkono, ni mshale wa saa, ni kibarua wa shambani, na pia ni kumpa mtu kitu. Hilo la mwisho ndilo lililoniletea taabu. Kila nilipompelekea daftari nilipiga magoti na kulishika kwa mikono miwili, kama tulivyolelewa wasichana wa Kisukuma, naye alinifokea: "Simama. Mkono mmoja unatosha." Mwishowe nikazoea.

Jioni moja nilimpelekea bibi yangu kibuyu cha maziwa vivyo hivyo, nimesimama, mkono wa kushoto unaning'inia. Nilijiona msomi. Bibi hakukipokea. Aliutazama ule mkono uliolegea, akaniuliza taratibu, "Mjukuu wangu, umeumia wapi?"

Akaniketisha kando yake, akachota samli, akaukanda mkono wangu usio na jeraha lolote, kuanzia begani hadi vidoleni, huku akinipa pole. Nikamwacha aukande, maana kumwambia ukweli kungemuumiza yeye.