Mguu Ulioanikwa Juani

Nikisikia harufu ya dagaa wanaoanikwa, mguu wangu wa kushoto hunitekenya. Nilipokuwa mtoto, dada yangu wa sekondari alinieleza kwamba seli ya neva ina mkia mrefu kama uzi, na kutwa kucha husukuma chumvi nje ili umeme wake usiishe. Kesho yake, pale ufukweni Bangwe, nikichambua dagaa na Bibi, mguu ukafa ganzi. Betri imekwisha, sitatembea tena! Huku nalia, nikaupaka chumvi kwa nje, nikaulaza mchangani kando ya dagaa, kama tulivyokuwa tukianika betri za redio zilizoisha.

“Na huyu kilo bei gani, mama?” mchuuzi akamuuliza Bibi.

Mara mguu ukaanza kuchomachoma. Nikaruka juu.

“Bibi, mguu umejaa chaji!”

“Rudi ulale, mjukuu wangu,” akasema Bibi. “Kichwa bado.”