Filamu ya Anania Isiyokuwa na Maneno

Mudathiri ni mdogo wangu, tumelala tumbo moja, lakini alichomfanyia Anania sitakifunika. Mimi Mwanahawa sina koo la kumeza maneno. Nauza chai na chapati mlangoni pa banda lake la video hapa Kasulu, kwa hiyo nayasema niliyoyaona, sio ya kuhadithiwa.

Kwa asiyejua, kazi ya Mudathiri ni kutafsiri; watu humwita DJ. Filamu ya nje ikifika, anakaa nyuma ya pazia na maiki yake na kuwasemea wote: jambazi ni yeye, mrembo ni yeye, polisi ni yeye. Katikati anapachika vichekesho vyake mpaka watu wanashika mbavu. Bandani kwake filamu isiyosemewa inaitwa mbichi, kama maharage ambayo hayajaiva. Kweli kipaji anacho, sitamnyima.

Anania naye ni fundi simu, kibanda chake kinatazamana na jiko langu. Ukimpelekea simu iliyopasuka kioo, unarudi nayo nzima na somo juu yake. Atakueleza jinsi filamu za kwanza kabisa zilivyokuwa bubu, mtu anapiga kinanda chini ya pazia na watazamaji wanalia bila kuambiwa walie. Atakueleza wale wa zamani walivyokuwa wakisimamisha kamera, mtu anatoka, kamera inawashwa tena, basi mtu katoweka. "Hakuna kompyuta pale, dada," ananiambia, macho yanang'aa. "Ni akili na mkasi." Chai inapoa mkononi mwake, na mimi namwambia anywe kwanza, hao wafu hawana haraka.

Yeye na Mudathiri walikuwa marafiki tangu kaptula. Spika za banda kazitengeneza Anania, tena bure.

Kisha akaanza filamu yake mwenyewe, ya katuni za udongo. Udongo aliupata kwa akina mama wafinyanzi, akaukanda na mafuta ya kujipaka ili usipasuke, akaufinyanga juu ya nyaya za simu mbovu. Anasogeza mkono wa kidoli kidogo tu, anapiga picha, anasogeza tena, anapiga tena. Kutwa nzima ya Jumapili inakupa mtu aliyeinua mguu na kuushusha. Dirisha aliliziba kwa blanketi maana wingu likipita mwanga unamharibikia. Mto aliutengeneza kwa nailoni aliyoipaka mafuta ya kula, akiivuta kwa uzi, na wallahi ulitiririka. Nilimcheka mwanzoni. Nilipouona ule mto nikanyamaza.

Filamu ilikuwa ya mama yake, Immakulata, anayelima huko Rungwe Mpya. Mwaka wa tisini na tatu alivuka mto Malagarasi kutoka Burundi, mgongoni ana mtoto wake wa kwanza, Aline. Mtoto alifia njiani. Mama akamlaza kando ya mto, akamfunika majani, akaendelea kutembea kwa sababu wenzake walikuwa wanaondoka. Anania alizaliwa baadaye, huku. Habari hiyo mama hakuwahi kumsimulia mtu, hata padri. Alimpa mwanawe baada ya kuombwa sana, kwa sharti moja: isifanywe mchezo.

Ndiyo maana Anania hakutia neno hata moja ndani yake. Alipompa Mudathiri aionyeshe, nilikuwepo, kijiko mkononi.

"Hii usiisemee," Anania akamwambia. "Mama anakuja kuiona. Niapie."

"Kaka, mimi na wewe tena? Wallahi maiki siigusi."

Jumamosi mchana, baada ya soko, banda lilijaa. Mama Immakulata hakuwahi kuingia banda la video maishani mwake. Alivaa kitenge cha kanisani, nikamketisha karibu yangu, mkono wake ukashika wangu. Filamu ikaanza. Alipoiona nyumba yao ya udongo, na mgomba pembeni, akasema polepole, "Ni yenyewe."

Watu wakatulia kidogo tu. Mmoja akapiga mluzi. Mwingine akauliza sauti iko wapi, wa tatu akadai DJ kalala. Viti vikaanza kulia. Nami nikasikia maiki inakoroma.

Mudathiri akaanza kuwasemea. Akamfanya yule mama wa udongo aongee Kiswahili cha kuvutavuta, kwa kuiga lafudhi ya Warundi. Banda likalipuka. Akanogewa. Mama wa udongo akafika mtoni, akamlaza mtoto, akaanza kumfunika jani moja moja, na spika zikasema: "Lala hapo bibie, mama akirudi atakuletea chipsi!"

Watu walicheka mpaka wengine wakasimama. Ule mkono ukauachia mkono wangu.

Mama tulimkuta nje, mimi na Anania. Hakuwa analia. Alimtazama mwanawe, akamuuliza kwa upole kabisa, "Mwana wanje," yaani mwanangu kwa Kirundi, "hilo la chipsi ulilitoa wapi? Mimi sikukwambia hivyo."

Aliamini maneno yale yametoka ndani ya filamu, kwamba kaandika Anania. Angejuaje kwamba nyuma ya pazia kuna mtu? Anania akamwambia, "Mama, sauti ile si yangu." Mama akauliza, "Filamu ni ya nani?" Akajibu ni yake. "Haya," mama akasema, akapanda gari la Rungwe Mpya.

Nikaingia bandani kumuuliza Mudathiri. Unajua mdogo wangu alisemaje? "Dada, wangenivunjia viti. Na si wamecheka? Nimemsaidia, kapata jina." Kumbe alikuwa anarekodi. Siku chache tu, filamu ile pamoja na sauti yake ilikuwa kwenye simu za watu Kibondo, Kakonko, hadi kambi ya wakimbizi ya Nduta, kwa watu waliovuka mto uleule. Anania alikuja, akasimama mlangoni, akamwambia neno moja: "Uliapa." Mudathiri akajifanya anatafuta waya chini ya meza. Nilimwonea aibu, na mimi ndiye niliyemlea.

Nikamtolea uvivu. Nikamwambia kama hendi kwa yule mama kusema ukweli, asinihesabu dada. Tukaenda watatu. Mudathiri alipiga magoti sebuleni, akasema yote: maiki, kiapo, chipsi. Mama Immakulata alimsikiliza hadi mwisho. "Nimekusamehe, mwanangu," akamwambia, akatupakulia maharage na ugali wa muhogo.

Anania akapata moyo. Baada ya chakula akaweka kompyuta yake mezani na kumwomba mama aitazame ile yenyewe, isiyo na mtu wa kusema. Mama akakubali. Nyumba ikapita, mgomba ukapita, mama wa udongo akashuka hadi kwenye mto wa nailoni, akamshusha mtoto mgongoni, akaokota jani la kwanza.

Mama Immakulata akamgeukia mwanawe.

"Hapa ndipo wanapocheka," akasema.